Mbele ya Kuuza Nyumba ya Kampi, Uhesabu Kwanza Njia



Kuna swali moja lenye kuzunguka katika jamaa nyingi za muji wetu. Wakubwa wanalizungumuza kisha ibada, watoto wanalisikia nyuma ya mulango. Swali ni hili: tuuze nyumba ndogo ambayo wazazi walituachia huko Panda, Shituru ao Kikula, tukanunue parseli kubwa mbali, pale muji unapoisha na mashamba yanapoanza? Ukilisikia mara ya kwanza utazani ni swali la feza na matofali. Mimi nataka kukuonyesha ya kama ni swali la njia: namna gani kila mutu wa nyumba atafika kila siku pale anapopaswa kufika, na ni nani atakayelipa.

Kwetu pia swali lilifika. Baba alituachia nyumba ya kampi ya zamani, huko Panda: vyumba viwili, jikoni ndogo inje, na muti wa maembe. Tunakaa humo mimi, mama, na watoto wawili wa dada yangu ambao wanasoma. Mudogo wangu anafanya kazi Kolwezi. Alikuja siku moja na mupango wake tayari.

"Yaya," akasema, "tutabakia mu kanyumba ka vyumba mbili mpaka lini? Na makuta ya hii nyumba tunaweza pata parseli ya mukubwa kule, tujenge nyumba ya batu. Angalia, batu bote banaenda kule."

Hakusema uongo. Nyumba za kampi zilipimwa kwa jamaa ndogo, na mabati yetu yamezeeka sana, mvua ikianza tu tunajua ni fasi gani pa kuweka masafuria. Huko mbali udongo ni bei rahisi. Mutu anaweza kulima mihogo, kufuga kuku, na kulala bila kusikia redio ya jirani. Mutu asikudanganye kama wanaokwenda huko ni wajinga.

Mama hakubishana naye. Alikuwa anachagua maharagi ya chakula cha mangaribi, na macho yake yalibaki ndani ya sahani. Akauliza tu: "Na kule, soko iko wapi? Kanisa iko wapi? Nani atalipaka taksi?" Kisha akaanza kuweka maharagi pembeni, moja moja. Mimi nakwenda kazini katikati ya muji: kwenda moja, kurudi moja. Yeye anakwenda kuuza sokoni: kwenda, kurudi. Watoto wawili kwenda shule na kurudi: maharagi mane. Jumla nane kwa siku. Na siku ya Mungu sisi wote wane tunakwenda ibada na kurudi, ni nane tena. Kwa juma moja maharagi yakawa 56. Kwa majuma mane, 224.

Leo hii, kutoka Panda, watoto wanakwenda shule na miguu, mama anakwenda sokoni na miguu, na kanisani tunatembea pamoja tukisalimia watu njiani. Mimi nina kinga. Yale maharagi 224 hatulipi hata moja. Lakini kule mbali kila moja lingekuwa feza ya taksi ao ya piki-piki. Wewe musomaji, zidisha 224 na bei ya safari moja ya kwenu. Mimi sitaandika bei hapa, kwa sababu bei ya esanse inaweza kubadilika mbele gazeti hili halijatoka katika mashini. Lakini fanya hesabu hiyo na kalamu, usiku, wakati watoto wamelala. Tena mama hakuweka maharagi ya ugonjwa. Mutoto akishikwa na homa saa saba ya usiku, na mvua inanyesha, safari moja inaweza kuwa na bei ya safari kumi, kama umepata mutu wa kukubeba.

Mudogo wangu alinyamaza. Si kwa sababu alishindwa, lakini kwa sababu ile hesabu hakuna mutu aliyemufundisha. Na ni kweli, hakuna anayetufundisha. Bei ya parseli tunailipa mara moja, mbele ya mashahidi, na karatasi na muhuri, kwa hiyo tunaiogopa. Bei ya njia tunailipa kila siku na makaratasi madogo ya kuchakaa, na hatuioni. Kisha mwisho wa mwezi tunasema mushahara umeliwa na shetani.

Tuuliize basi: kwa nini kutoka Panda mutu anaweza kufika na miguu? Nani aliiweka hivyo?

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Gari ya moshi ilifika Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove. Viwanda vya Panda na Shituru vilijengwa kisha; kile cha Shituru cha kusafisha shaba kwa nguvu ya umeme kilianza mwaka 1929. Mwanzoni kampuni ilileta wanaume kutoka mbali kwa kontra ya miezi michache. Wengi walikufa, wengi walikimbia, na kila mara ilipaswa kutafuta wengine. Basi, karibu na mwaka 1928, ilishika mupango wa kukalisha mufanya kazi pamoja na bibi yake na watoto. Kampi zikajengwa karibu na viwanda, na ndani yake shule, dispansere, fasi ya kugawanya posho, na upande wake misheni.

Tuseme kweli: haikuwa mapendo. Mufanya kazi anayelala karibu na kiwanda hafiki amechoka. Tena mukubwa wa kampi alitaka kujua nani amelala kwa nani. Mugeni alipaswa kuomba ruhusa. Na siku kazi ilipoisha, nyumba pia iliisha. Wazee wetu walioishi mambo hayo hawapendi kusikia kijana akisema wakati wa Wazungu ulikuwa muzuri, na wako na haki.

Kikula ilikuwa namna nyingine. Ulikuwa muji wa Waafrika, uliotengwa na muji wa Wazungu. Huko Lubumbashi mambo yalionekana wazi zaidi: waliacha uwanja mutupu wa mamia ya metre kati ya muji wao na muji wetu. Walisema ni kwa sababu ya mbu na malaria. Umbali ule uliwekwa na mukono wa mutu, na waliolipa ni baba zetu, boi, mupishi na karani, ambao walitembea asubui na giza na kurudi na giza. Kwa hiyo kampi na Kikula vinatupa fundisho mbili zenye kupingana, na zote mbili zinatoka kwa bwana mumoja. Alipohitaji mikono yetu mapema, alituweka karibu. Alipokataa kutuona mangaribi, alituweka mbali.

Ninyi munajua yaliyofuata. Kampuni ilipita katika mikono ya Serkali mwaka 1967, na kisha ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Myaka michache kisha hiyo, shaba haikufika hata tani 50,000. Mushahara ulichelewa, kisha ukasimama. Bisi na kamyo za kubeba wafanya kazi zikaisha moja moja. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya watu 10,000 waliachishwa kazi kwa mupango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda, hata kama wengi hawakuona mapendo yoyote ndani yake.

Angalia sasa kitu kimoja. Posho ilikwisha, mushahara ulikwisha, dawa za hospitali zilikwisha, lakini umbali haukuongezeka. Kutoka mulango wa nyumba yetu hata sokoni ni hatua zile zile baba alizozitembea. Katika myaka ile mibaya, mama aliweza kuuza maandazi na mafungu ya nyanya kwa sababu hakulipa njia. Kama tungekaa mbali, faida yote ya ndoo moja ya nyanya ingebaki kwa mutu wa taksi. Mimi na wadogo wangu tulisoma kwa faida ya ile nyanya. Ndiyo maana sitaki mutu aniambie ya kama mahali pa nyumba ni jambo dogo.

Sasa tutazame namna muji unavyokua leo. Parseli zinapimwa na kuuzwa kwanza. Njia inafuata, kama inafuata. Maji na umeme vinangojewa, na kila nyumba inayojengwa mbali na mwenzake inaomba bomba ndefu zaidi, nguzo zaidi, na waya ambao wezi wanaweza kukata. Fasi ya shule, fasi ya soko, fasi ya watoto kucheza mupira, mara nyingi hazikuandikwa katika karatasi hata siku moja. Na zaidi ya ubaya huo, katikati ya muji penye viwanja vya shule na bustani vya zamani, watu wanavikata na kuviuza vipande vipande. Uko unaona jambo hili katika miji yote ya Kongo. Anayeuza uwanja wa shule anapata feza siku moja. Mutoto anayepaswa kwenda shule nyingine ya mbali analipa myaka sita.

Ndivyo mutu anavyofanywa mutumwa wa motokari bila kuwa na motokari. Ukisikia watu wa Ulaya wakisema miji yao inategemea motokari mno, utacheka na kusema, sisi tunategemea nini, wengi wetu hatuna hata kinga. Lakini hesabu tena maharagi ya mama. Mutu asiyekuwa na motokari, na nyumba yake iko mbali na kila kitu, anategemea motokari ya mutu mwingine, na bei anapangiwa na yule mwingine.

Tena kuna hatari ya njia yenyewe. Muji wetu uko juu ya barabara kubwa ya taifa, ile inayotoka Lubumbashi kwenda Kolwezi. Kamyo zinazobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi, Fungurume na Kambove zinashuka kwenda mupaka wa Kasumbalesa. Zingine zinapanda na asidi, salfa, chokaa, mazutu. Hazilali. Na pembeni yake anatembea mutoto wa shule na begi lake, mama na beseni juu ya kichwa, na baba wa makala anayesukuma kinga yenye magunia mpaka haonekani nyuma yake. Barabara ilipotengenezwa vizuri, tulimushukuru Mungu, kwa maana zamani tulikula vumbi na mashimo. Lakini kamyo ikipata njia nzuri inapata mwendo, na pembeni hakuna fasi iliyotengwa kwa ajili ya mwenye miguu. Yeye anatembea juu ya mutaro, ao ndani ya mutaro, ao juu ya lami pamoja na kamyo.

Nabii Zakaria, katika sura ya 8, anaonyesha muji uliobarikiwa. Ningezani angesema juu ya zahabu. Yeye anasema juu ya wazee wenye kukaa katika njia za muji, kila mumoja na fimbo yake kwa sababu ya myaka mingi, na njia kujaa wavulana na wasichana wanaocheza. Nimehubiriwa sura ile mara nyingi na sijasikia mutu akiuliza: je, katika njia zetu muzee mwenye fimbo anaweza kukaa? Mutoto anaweza kucheza? Mutu anaweza kusema ni mambo ya mbinguni. Lakini nabii alisema juu ya Yerusalema, muji wenye mawe na vumbi.

Kuna wazazi wa inchi nyingine waliokataa kuzoea. Uholanzi leo inasifiwa kwa kinga zake, watu wanazani walizaliwa hivyo. Sivyo. Kisha vita ya pili walinunua motokari kwa wingi, wakabomoa nyumba ili kupanua barabara. Mwaka 1971 motokari ziliua huko zaidi ya watu 3,000, na kati yao zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakasimama, wakaketi katika barabara, wakafunga njia za mitaa yao ili watoto wacheze. Mwaka 1973 mafuta yalipokosa, Serkali yao ilikataza motokari siku ya Mungu, na watu wakakumbuka namna muji unavyosikilika bila makelele. Tangu pale walianza kujenga njia za kinga, polepole, na hata leo bado wanazijenga. Ilianza kwa baba na mama waliolia mutoto wao.

Karibu nasi, Kigali ilianza mwaka 2016 kufunga njia fulani asubui ya siku ya Mungu ili watu watembee, wakimbie, wapande kinga. Dar es Salaam, mwaka ule ule, ilianza bisi kubwa zenye njia yao peke yao, ambayo watu wanaiita mwendokasi. Bisi hizo zina shida zake: zinajaa sana, na watu wanangoja mingi. Lakini walikubali neno moja kubwa, ya kama barabara haikupewa tu yule mwenye motokari yake, na bisi yenye watu mia inaweza kupita mbele ya mutu mumoja ndani ya gari.

Na sisi tuko na kitu ambacho miji mingine inakitafuta kwa mamilioni: njia ya chuma inapita katikati yetu. Sehemu ya kutoka hapa kwenda Tenke ilipata umeme tangu mwaka 1952, wakati inchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado na moshi. Najua, wengi wetu tukisikia gare ya Likasi tunakumbuka mwaka 1992 na 1993, wakati maelfu ya ndugu zetu wa Kasai walilala pale wakingojea gari ya kuwaondoa katika muji waliozaliwa ndani yake. Si ukumbusho mwema, na sitaupita kimya katika gazeti la kanisa. Lakini njia ya chuma haikufanya kosa. Gari moja ya moshi inaweza kubeba muzigo wa makumi ya kamyo. Mwaka 2023 kampuni mpya ilipewa njia ya Lobito upande wa Angola, na shaba ya Kongo inapita pale kwenda bahari. Wakubwa wanazungumuza juu yake kama habari ya feza. Sisi wazazi tuitazame hivi: kila tani ya shaba inayopanda gari ya moshi ni tani isiyopita mbele ya shule.

Vijana, sasa nataka kusema nanyi kidogo, na musikasirike.

Najua namna inavyokuwa. Kijana anakwenda kuchimba, anapata feza yake ya kwanza, na mbele ya kununua hata godoro ananunua piki-piki. Mwingine anafikiri hataweza kuposa musichana kama hana motokari, hata kama ni ile iliyochoka huko Japani na kuvuka bahari kuja kufia kwetu. Anayekuja kanisani na kinga anaificha nyuma ya ukuta. Kwa nini? Yule baba wa makala analisha watoto watano na magurudumu mawili. Siku haoni lami, chakula hakiivi katika nyumba za wenye motokari. Kinga haiombi esanse iliyotoka bahari na kupita mipaka. Chombo chake kikivunjika, fundi chini ya muti anakitengeneza mbele ya saa sita. Mimi naendesha yangu kila siku, na shati langu linafika kazini likiwa safi kama la wengine, isipokuwa mwezi wa kwanza, wakati wa mvua; siku zile nabeba shati katika mufuko wa plastiki.

Sisemi piki-piki ni zambi. Taksi za piki-piki zimewapa vijana wengi kazi, na usiku zimeokoa wamama wenye kuzaa. Sisemi motokari ni zambi. Mufanya biashara anaihitaji, daktari anaihitaji, mugonjwa zaidi. Ninachosema ni hiki: muji ukijengwa kwa namna ya kama mutu hawezi kuishi bila motokari, mwenye haki ya kuishi vizuri atakuwa yule mumoja aliye nayo, na wengine wote watakuwa wageni katika muji wao wenyewe.

Mutaniuliza kwetu ilikuwa namna gani. Nyumba hatukuuza. Mudogo wangu mwenyewe alisema: "Basi tuongeze hapa." Tulichanga kidogo kidogo, myaka miwili, tukajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba, upande ule wa muti wa maembe, na tukabadilisha mabati. Chumba kimoja kinapangishwa kwa mwalimu kijana, ambaye yeye pia anakwenda kazini na miguu. Mudogo wangu alinunua parseli yake kule mbali na feza yake, maana ndoto ya mutu haiuliwi na maharagi. Nimekwenda kumusaidia kupanda miti. Hatukugombana. Lakini alipoona namna ya kununua, mimi na mama tulimuambia aulize maswali mawili mbele ya kutoa hata franka moja: katika karatasi ya lotisma, fasi ya shule iko wapi, na fasi ya soko iko wapi? Muuzaji wa kwanza hakuweza kuonyesha. Wa pili aliweza. Alinunua kwa wa pili.

Ninyi pia muulize. Kama watu ishirini watauliza swali hilo hilo kwa muuzaji mumoja, atakwenda kuitafuta ile fasi ya shule. Na mahali pale watu wamekwisha kujenga bila kitu, kanisa lisingoje. Kapela ndogo ya matofali inaweza kuwa darasa kutoka siku ya kwanza hata ya sita, na mbele yake wamama wanaweza kuuza mboga chini ya kivuli. Kitu kimoja kidogo tena, kinachoomba tu vyuma vichache na masoni wa parokia: fasi ya kufungia kinga kwenye uwanja wa kanisa, mbele, pale kila mutu anaiona, si nyuma ya ukuta.

Kuhusu ile barabara ya kamyo, katika shirika letu tumekubaliana kuandika barua kwa burugumesta, mukubwa wa komini. Labda na ninyi mutapenda kuandika, kwa hiyo nasema namna tulivyofanya. Kwanza vijana sita walikaa mbele ya shule siku tatu, saa ile watoto wanapoingia na saa ile wanapotoka, wakaandika ni watoto wangapi wanavuka na ni fasi gani hasa. Waliona ya kama karibu wote wanavuka kwa fasi moja, pale mutaro umefunikwa na bao. Basi barua haiombi vitu vingi. Inaomba dodane mbili, moja kila upande wa fasi ile, ili kamyo ipunguze mwendo. Inaomba mutaro ufunikwe na beto kwa metre mia moja, watoto watembee juu yake. Inaomba miti ipandwe upande wa jua. Miche tutaitoa sisi, na maji watamwangilia wanafunzi wa darasa la tano. Hesabu ya vijana tumeifunga nyuma ya barua, karatasi mbili. Kopi moja ilikwenda kwa meya wa muji, na moja kwa mukubwa wa shule. Ile kopi ya shule ndiyo ilijibiwa ya kwanza: mwalimu mukuu amekubali watoto wa kartye ya ngambo watoke dakika kumi mbele ya wengine, wavuke pamoja na muzazi mumoja mwenye kushika bendera nyekundu. Wazazi wanapokezana. Juma hili ni zamu ya mama yangu, na bendera ameishona mwenyewe na kitambaa cha kitenge cha zamani.